Kukokota Magogo kwa Ng'ombe

Kila mkulima aliyepata kukokota gogo kwa ng'ombe ameliona jambo hili: gogo likiwa limelala chini, ng'ombe huvuta mpaka miguu ikatetema, wala halijongei; lakini likiisha kung'oka, huenda kwa nguvu ndogo kuliko ile ya kwanza. Watu wengine hudhani ng'ombe ni wavivu, wakawapiga. Sivyo, sababu imo katika gogo na ardhi.

Vitu viwili vikilaliana huzuiana, na kuzuiana huko huitwa msuguano. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza ya kuwa msuguano huongezeka kwa kadiri ya uzito. Tena msuguano ni wa namna mbili: wa kitu kilichotulia, na wa kitu kiendacho. Kitu kikitulia, vijituta vya nyuso mbili hushikana sana. Kikiisha kwenda, havipati nafasi ya kushikana vile. Mathalani, gogo la kilo 400 juu ya ardhi ngumu laweza kutaka mvuto wa kilo 240 ili lianze kwenda, kisha kilo 160 zikatosha kuliendesha.

Basi, yafaa kufuata mashauri haya:

1. Kata matawi yote, na kuondoa magome upande wa chini. Inua kichwa cha gogo kwa wenzo, ukakiweke juu ya panda ya mti, kisichimbe udongo.

2. Kaza mnyororo polepole kabla ya kuvuta. Mnyororo uliolegea ukivutwa kwa ghafula waweza kukatika, ukamjeruhi mtu au ng'ombe.

3. Wakati ng'ombe wavutapo, watu wawili walitikise gogo kwa wenzo upande upande, hata ling'oke.

4. Likiisha kwenda, usisimame bila ya haja. Kila kituo ni kuanza upya, na kuanza ndiko kuchoshako ng'ombe. Kwa hiyo njia isafishwe yote kwanza.

5. Gogo likiwa zito kupita nguvu za ng'ombe wako, likate vipande. Bandu bandu huisha gogo.

Mahali pa mteremko hapana budi kuwa na hadhari zaidi. Gogo laweza kutulia juu ya mteremko siku nyingi, likazuiwa na msuguano wa utulivu tu. Likisukumwa kidogo, au mvua ikilainisha ardhi, litaanza kwenda. Na kwa kuwa msuguano wa mwendo ni mdogo, halitasimama lenyewe, bali litazidi mbio. Asisimame mtu yeyote upande wa chini, wala watoto wasicheze hapo. Litiliwe kabari au mawe makubwa mpaka saa ya kulikokota, na ng'ombe wasitangulizwe mbele yake katika mteremko mkali.

Mkulima akiyashika maneno haya, kazi ya siku itapungua, mnyororo utadumu, na ng'ombe watarudi zizini wakiwa na nguvu za kulima kesho.