Mtaliana Aliyekwenda Kusomesha Hesabu Asmara

Ijumaa moja, baada ya sala katika Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi, mpwa wangu alinitolea barua mfukoni. Kijana huyu, mzaliwa wa Lamu, ana shahada ya hisabati, na barua ile ilimwita akasomeshe sekondari moja huko kwetu pwani, mbali na barabara ya lami.

"Mjomba, mimi siendi," akaniambia. "Elimu yangu nitakwenda kuizika kule."

Sikumjibu. Tukapanda matatu ya Kangemi, anakokaa. Gari lilipopita Chiromo, alikosomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Nairobi, nikamuuliza kama aliwahi kumsikia Ennio De Giorgi.

Akacheka. "Nani asiyemjua? Ndiye aliyelifumbua fumbo la Hilbert."

"Basi umemjua nusu," nikamwambia.

De Giorgi alizaliwa mwaka 1928 mjini Lecce, kusini mwa Italia. Babake, aliyekuwa mwalimu, alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na mama aliyetoka katika ukoo wa mabaharia. Mjini Roma alianza kusomea uhandisi, akauacha, akashika hisabati. Mwaka 1959 akawa profesa mjini Pisa, na huko ndiko alikosomesha mpaka kufa kwake mwaka 1996.

Na fumbo lenyewe ni lipi? Msomaji, chovya pete ya waya katika maji ya sabuni, kisha uitoe. Utando unaobaki hujitandaza kwa eneo dogo kabisa liwezekanalo. Mwaka 1900 Mjerumani David Hilbert aliwatolea wenzake maswali 23, na la 19 liliuliza: je, majawabu ya hesabu za namna hii, za kutafuta kilicho kidogo kabisa, lazima yawe laini, yasiwe na kona wala mkunjo? Mwaka 1957 De Giorgi, hajatimiza hata miaka 30, alichapisha uthibitisho kuwa ndivyo. Mmarekani John Nash naye alilifikia jambo hilo kwa njia yake mwenyewe.

Mtu wa cheo hicho angeweza kuketi Pisa akaamkiwa. Lakini kuanzia mwaka 1966 hadi 1973 alikuwa akisafiri kwenda Asmara, Eritrea, iliyokuwa wakati ule chini ya Ethiopia, kusomesha katika chuo kikuu kidogo kilichoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Naye mwenyewe alikuwa Mkristo mshika dini.

Je, elimu yake ilizikwa kule? Katika miaka hiyohiyo ya safari, mwaka 1968, alitoa mfano mashuhuri ulioonyesha kuwa milinganyo ikiwa mingi na imefungamana, ulaini ule huweza kuvunjika. Na mwaka 1990 alitunukiwa Tuzo ya Wolf, mojawapo ya tuzo kubwa za hisabati duniani.

Tulikuwa tumekwisha pita Westlands. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Lakini Mjomba, yeye alikuwa akirudi kwao."

"Kweli," nikamjibu. "Yeye alikuwa mgeni, akarudi kwao. Nawe, mwanangu, barua hiyo inakuita wapi?"

Hakunijibu. Tuliposhuka Kangemi aliitoa tena ile barua, akaisoma amesimama kando ya njia, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni.