Mama, Usinyamazie Damu Nyingi

Huenda unamfahamu mama anayechoka mapema shambani. Analima matuta mawili, kisha anakaa. Moyo unamwenda mbio na kizunguzungu kinamshika. Watu husema ni mvivu au amerogwa. Mwenyewe hasemi kitu. Anaona haya kueleza kwamba hedhi yake ni nyingi mno.

Pengine mama huyo ana uvimbe katika mji wa mimba. Madaktari huuita faibroidi.

Uvimbe huu ni nini?

Ni nyama inayoota katika misuli ya mji wa mimba. Si kansa, na ni nadra sana kukutwa na kansa ndani yake. Huonekana zaidi kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Unaweza kuwa mdogo kama punje ya mahindi, au mkubwa kuliko nazi. Ukikatwa, ndani ni mweupe na mgumu. Nyuzi zake zimeviringana kama kamba ya katani.

Uvimbe hubadilika. Wakati wa mimba unaweza kukosa damu ya kutosha. Hapo huharibika ndani na kuuma sana. Hedhi ikikoma kwa sababu ya umri, mara nyingi uvimbe hunywea. Wakati mwingine huwa mgumu kama jiwe.

Dalili zake

Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Wengine huona hizi:

1. Hedhi inazidi siku 7, au inatoka na mabonge ya damu.
2. Tumbo la chini ni zito au linakua bila mimba.
3. Haja ndogo inakuja mara kwa mara.
4. Choo kinakuwa kigumu, au mgongo unauma.
5. Mimba haishiki, au inaharibika.

Hatari kubwa ni kupungukiwa damu. Mwili usio na damu ya kutosha hauna nguvu ya kulima wala ya kuzaa salama.

Ufanye nini?

Nenda kituo cha afya. Eleza siku za hedhi na wingi wake bila kuficha. Utapimwa damu na tumbo. Ikibidi, utapelekwa hospitali kupigwa picha ya ultrasaundi.

Uvimbe usiosumbua huangaliwa tu. Mwingine hutibiwa kwa dawa. Mwingine hutolewa kwa kupasuliwa, na mara nyingi mji wa mimba huweza kubaki. Muulize daktari, hasa kama bado unataka kuzaa.

Kula dagaa, maharage na mboga za majani ili kuongeza damu. Lakini chakula hakiondoi uvimbe. Usinywe mizizi usiyoijua.

Hedhi ikijaza kitambaa kila saa, au damu ikitoka baada ya hedhi kukoma kabisa, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe baba, usimlaumu mkeo. Mtafutie nauli, umsindikize.

Wazee walisema: Mficha uchi hazai. Sema mapema, utibiwe mapema.