Fundi, usisubiri tangazo: Barua ya kuomba kazi karakana inaandikwa hivi

Umemaliza chuo, cheti kipo kwenye bahasha, lakini simu haiiti. Nyumbani waliuza mahindi ili ulipe ada, sasa wanakuuliza lini utaanza kazi. Kama unaishi Milanzi au kata nyingine ya Manispaa ya Sumbawanga, huenda tatizo si ufundi wako. Huenda unasubiri tangazo ambalo halitakuja.

Karakana ya kuchomelea, gereji au mashine ya kusaga ni nadra kutangaza nafasi. Bosi akielemewa anamuuliza fundi wake: "Hakuna kijana unayemfahamu?" Kama huna ndugu pale ndani, barua ndiyo itakayokufanya ufahamike.

Anza na msimu

Ufipa mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Kiangazi kikiingia, mahindi yanavunwa, pesa inazunguka, watu wanachoma matofali na kupaua nyumba. Hapo ndipo mageti, madirisha na milango vinapotakiwa. Peleka barua Machi au Aprili, kabla bosi hajazidiwa na kazi. Ukichelewa, utakuta mwenzako ameshashika nafasi.

Zunguka kwanza kwa miguu. Andika sehemu kumi, jina la biashara na kazi wanayofanya. Barua moja iliyotolewa kopi kumi hujulikana mara moja.

Barua iweje

Ukurasa mmoja unatosha. Juu kulia weka anwani yako, namba ya simu na tarehe. Kushoto weka anwani ya biashara. Kisha "Ndugu," halafu kichwa: YAH: MAOMBI YA KAZI YA UCHOMELEAJI.

Maneno kama "husika na kichwa cha habari hapo juu" yaache. Ingia kwenye kazi moja kwa moja, kwa mfano:

"Mimi ni fundi uchomeleaji, nakaa Milanzi. Nina cheti cha VETA ngazi ya pili. Ninatengeneza mageti, grili za madirisha na milango ya chuma. Nimeona karakana yako inapokea kazi nyingi za mageti, hivyo naomba nafasi, hata kwa kuanza na majaribio. Nitapita Jumatatu asubuhi kukuona."

Malizia na "Wako mtiifu", sahihi na jina kamili.

Bosi anaogopa nini?

Kuna jambo vijana wengi hawaliandiki: uaminifu. Bosi anakuachia grenda, mashine ya kuchomelea na mali ya mteja. Hakujui. Ambatisha kopi ya cheti, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako, na majina ya wadhamini wawili waliokubali kupigiwa simu. Mmoja awe mwalimu wako wa chuo au fundi uliyefanya naye kazi.

Picha za kazi zako ziweke kwenye simu, ziwe tayari kuonyeshwa. Usiweke picha ya geti la mtu mwingine. Utaulizwa ulilipima vipi.

Sina cheti, je?

Kama ufundi uliupata mtaani, sema ukweli: miaka mingapi, chini ya fundi wa aina gani, kazi zipi. VETA pia ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, halafu ukapewa cheti. Ulizia chuo cha VETA kilicho karibu nawe.

Fundi umeme ana la ziada. Kufunga umeme kwenye majengo kunahitaji leseni ya EWURA. Kama bado huna, andika wazi kwamba unaomba kufanya kazi chini ya mwenye leseni.

Siku ya kupeleka

Nenda asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Vaa nguo safi za kazi. Msalimie kila unayemkuta, maana huyo fundi mlangoni ndiye atakayeulizwa habari zako. Mkabidhi bosi barua mkononi, ongea dakika mbili, aga. Baada ya wiki moja rudi au piga simu mara moja. Ukiombwa pesa ili upewe kazi, ondoka.

Ukiitwa

Hata majaribio yawe na makubaliano: siku ngapi, malipo kiasi gani, nani ananunua vifaa vya kujikinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo kazi yenyewe, saa na malipo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki.

Kati ya barua kumi, tisa zinaweza kukaa kimya. Usikate tamaa. Unachohitaji ni karakana moja tu.