Tulimpenda, Lakini Hatukumpima Moyo

Leo nitakueleza habari za mdogo wangu. Alizaliwa Jambiani, kusini ya Unguja, mwaka 1976. Alifariki mwaka 2009, akiwa na miaka 33. Alikuwa na hali iitwayo sindromu ya Down. Jina hilo linatokana na daktari wa Uingereza, John Langdon Down, aliyeieleza hali hii mwaka 1866.

Huenda kijijini kwako yupo mtoto kama yeye. Basi soma, kisha umsomee jirani.

Maisha yake

Mama yetu alimzaa akiwa na miaka 41. Mtoto alikuwa mlegevu. Macho yake yalikuwa madogo, yamepanda kidogo pembeni. Pua ilikuwa bapa, na ulimi ulitokeza nje. Alinyonya kwa tabu.

Majirani walisema mengi. Wengine walisema mtoto amechezewa na shetani. Wengine walimwambia mama amfiche ndani, wageni wasimwone. Mama alikataa. Siku arubaini zilipotimia, alimtoa nje, akampakata barazani. Alisema, "Huyu ni mwanangu. Atakaa hapa kama wenzake."

Mdogo wangu alianza kutembea akiwa na miaka 3. Maneno yake yalikuwa machache, lakini sisi tulimwelewa. Skuli hakwenda, kwa sababu kijijini hapakuwa na darasa la watoto kama yeye. Bibi alimfundisha kusokota kamba za makumbi. Alimfundisha jambo moja moja, na kila jambo alilirudia siku nyingi. Kazi hiyo ilichukua karibu mwaka mzima. Baadaye watu walinunua kamba zake kwa kufungia mapaa ya makuti.

Tulipokwenda mjini kwa shangazi, Mji Mkongwe, alipenda kutembea Forodhani jioni. Aliwaamkia watu wote, wakubwa kwa wadogo. Muuza kahawa mmoja alikuwa akimwekea kashata yake kila siku.

Hali hii hutokana na nini?

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya kila chembe mna nyuzi za urithi. Nyuzi hizo huitwa kromosomu. Kwa kawaida ni 46, nazo hukaa mbili mbili. Mtu mwenye sindromu ya Down huwa na 47. Uzi namba 21 kwake ni mitatu badala ya miwili. Jambo hili liligunduliwa Ufaransa na kutangazwa mwaka 1959.

Fikiri juu ya mwanamke anayesuka ukili. Akizidisha mwaa mmoja, ukili hubadilika sura. Lakini bado ni ukili, na mkeka hushonwa.

Hali hii si shetani, si laana, wala si kosa la mama au baba. Haiambukizi. Mama mwenye umri wa miaka 35 na zaidi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa mtoto wa namna hii. Hata hivyo, mama kijana naye anaweza kumzaa.

Jambo tusilolijua

Tangu utotoni mdogo wangu alichoka upesi. Akikimbia, midomo yake iligeuka rangi kama ya buluu, naye alichuchumaa chini. Kila mafua yalimshuka kifuani. Sisi tulisema, "Ndivyo alivyo."

Mwaka 2008 miguu yake ilivimba. Tulimpeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifua, kisha akampima moyo kwa mashine. Alituambia kuwa moyo una tundu tangu kuzaliwa. Mishipa ya mapafu ilikuwa imekwisha haribika. Tundu halikuweza kuzibwa tena.

Ndugu msomaji, karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Mwaka 1976 upasuaji wa moyo wa watoto haukuwapo kwetu. Siku hizi upo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hupasua mioyo ya watoto. Lakini mtoto lazima agunduliwe mapema.

Mapema maana yake ni nini? Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wenye hali hii waliishi miaka 25 hivi kwa wastani. Leo huishi karibu miaka 60. Matibabu ya moyo ni sababu moja kubwa.

Ufanye nini?

1. Mpeleke mtoto kituo cha afya mara tu unapoona dalili. Omba apimwe moyo, hata kama anaonekana mzima.
2. Mnyonyeshe kwa subira, kidogo kidogo, mara nyingi.
3. Mpe chanjo zote. Akikohoa na kuhema kwa nguvu, usingoje.
4. Omba apimwe masikio na macho. Mtoto asiyesikia hujifunza kusema kwa tabu.
5. Omba apimwe damu kwa ajili ya tezi ya shingoni. Tezi ikilegea, mtoto hudumaa.
6. Mfundishe kazi moja moja, na umpeleke skuli. Tangu mwaka 2006 Zanzibar ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu.
7. Usimwite zezeta. Mwite kwa jina lake.

Wazazi wanaweza pia kuuliza habari kwa Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, iitwayo ZAPDD.

Kila mwaka tarehe 21 Machi ni siku ya watu hawa duniani. Umoja wa Mataifa huiadhimisha tangu mwaka 2012. Tarehe 21 ya mwezi wa 3 ilichaguliwa kwa sababu ya uzi namba 21 ulio mara tatu.

Kitanda cha mama bado kimewambwa kwa kamba alizosokota mdogo wangu. Ni kamba imara. Mama yetu alimtoa nje, akatuonyesha sote njia. Wewe mtoe nje mwanao, kisha ufike naye mpaka kwa daktari.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mama alikataa kumficha mtoto?
2. Dalili zipi zilionyesha kuwa moyo unaumwa?
3. Je, kijijini kwenu yupo mtoto ambaye hajapimwa? Nani atamwendea mzazi wake?