Kokwa la Embe Halifiki Ujiji

Swali ni lile lile, hubadilika mdomo tu. Leo ni mwalimu aliyeleta darasa zima kutoka Simbo, kesho ni ofisa aliyekuja Kigoma kwa semina akakosa la kufanya Jumamosi. Wote husimama chini ya miembe mikubwa ya Ujiji, wakainua macho, wakasema: "Kumbe hii iliota kwa kokwa walizotupa watumwa njiani, eti mzee?" Hapo hakuna anayeuliza. Mtu anataka niitikie ili aendelee kupiga picha. Siitikii, na naandika haya ili nipunguze kurudia jibu.

Kabla ya hapo huwa wameuliza lango la mji wa kale liko wapi. Hilo nalielewa. Aliyeona picha za Delhi au Lahore anajua mji wa zamani una ukuta, na ukuta una lango la kwenda kulitazama. Delhi ya Shah Jahan ilikuwa na malango kadhaa, na Lango la Kashmiri mpaka leo lina makovu ya mizinga ya Septemba 1857. Mwaka huo huo, mwezi Juni, wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walikuwa wanaondoka pwani ya Mrima kuja huku. Walipofika Ujiji Februari 1858 hawakukuta boma la mawe wala mlango wa chuma. Walikuta nyumba za udongo, soko na mitumbwi. Mji huu ulijulikana kwa njia yake, na kilichobaki cha njia hiyo ni miembe inayoteremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Ukitaka lango la Ujiji, ndilo hilo, halina bawaba.

Sasa kokwa.

Mwembe asili yake ni Bara Hindi. Akbar, babu yake huyo Shah Jahan, anatajwa kuwa alipandisha shamba la miembe laki moja kule Darbhanga. Kwetu ulikuja kwa jahazi, ukashika pwani kwanza, ndipo ukapanda bara. Kwa maana hiyo embe lilisafiri kutoka mashariki kuja magharibi. Mateka waliouzwa Ujiji walikuwa wanatoka wapi? Wengi walitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, wakavushwa kwa mitumbwi na kuelekea mashariki. Walikuwa wanakwenda kule maembe yalikotoka. Anayesema walikuja nayo mfukoni anieleze waliyachuma mti gani.

Tuseme basi si wao, ni waliotoka pwani. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na msafara uliokwenda vizuri ulichukua miezi. Wa Burton na Speke, kwa maradhi na kusimama Tabora, ulikaribia minane. Kokwa la embe si punje ya mahindi ya kuning'inizwa juu ya jiko ikangoja mvua. Mbegu yake inataka unyevu, ikikauka imekufa. Chukua kokwa la wiki sita lililotupwa juani, lipasue kwa kisu ukingoni: utakuta ile nyama nyeupe imesinyaa, imekuwa ya kahawia na inatikisika ndani ya ganda. Hapo hata uimwagilie maji ya zamzam haioti. Kwa hiyo mwembe haukuruka kutoka Bagamoyo ukatua Ujiji. Lazima ulisogea kituo kwa kituo: mtu akapanda, akangoja uzae, mwingine akachukua kokwa bichi au mche akaenda nao mbele kidogo.

Na kungoja huko si wiki mbili. Mwembe wa kokwa huchukua miaka mitano na zaidi kabla ya kuzaa, na miaka ya mwanzo unahitaji kulindwa na mbuzi, na moto wa kiangazi, na watoto. Fikiria kokwa lililoangushwa kando ya njia iliyopitiwa na mamia ya miguu na mifugo ya kijiji. Halafu nieleze lilipataje jirani upande wa pili wa njia, na mwingine mbele yake kwa mstari. Mistari hupandwa.

Kuna na msimu. Maembe huiva karibu na mvua. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walipenda kushuka pwani kiangazi ili warudi kulima mvua zikianza. Wakati njia imejaa watu, mwembe uko kwenye maua. Tena wapagazi hao wengi walikuwa waungwana wanaolipwa ujira na kupewa posho, jambo ambalo hadithi ya kokwa inalifuta kabisa, kwa kuwa ndani yake kila aliyebeba pembe ni mtumwa.

Hapo ndipo mtu hukasirika: "Mzee, unataka kusema watumwa hawakupita hapa?" Walipita. Mmisionari Livingstone alirudi Ujiji mwaka 1871 akitoka Nyangwe, huko Manyema, alikoshuhudia watu wakipigwa risasi sokoni mwezi Julai. Biashara hiyo haihitaji ngano ya matunda ili iaminike. Mateka aliyefungwa shingoni alipewa chakula cha kumfikisha sokoni tu. Hadithi inayomfanya atembee akila maembe na kutupa kokwa inapendeza mno. Waliokuwa na sababu ya kupanda ni waliokuja kukaa. Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, aliishi Ujiji miaka mingi, akaoa kwa wenyeji, akafa mwaka 1885 akiwa mkubwa wa wafanyabiashara wa mji. Siwezi kukuambia mwembe upi ni wa nani. Naweza kukuambia kwamba kivuli cha namna hii hupandwa na watu wa aina yake, na mikono iliyochimba mashimo na kuchota maji yaelekea ilikuwa ya watumwa wao. Mwenye kutaka kuwakumbuka watumwa chini ya miembe hii aanzie hapo.

Swali la pili, haraka: mwembe ambao Stanley na Livingstone wanasemekana kukutana chini yake ni upi? Umekufa, tangu miaka ya 1920. Iliyopo karibu na mnara wa kumbukumbu yao inasemekana ni vipandikizi vyake. Na kwa maandishi ya Stanley mwenyewe, mazungumzo marefu yalikuwa barazani, chini ya upenu wa nyumba, Livingstone amekaa juu ya mkeka na ngozi ya mbuzi, ngozi nyingine imepigiliwa ukutani isimpate baridi ya udongo mgongoni. Wa kwanza kumsalimu Stanley hakuwa daktari, alikuwa Susi, mtumishi wake, ambaye baadaye, pamoja na mwenzake Chuma, aliongoza safari ya kurudisha maiti ya bwana wao hadi Bagamoyo. Tarehe ya kukutana kwao aliyoandika Stanley ni 10 Novemba. Waliolinganisha shajara wanairudisha mwishoni mwa Oktoba.

La tatu: mbona ziwa liko mbali hivyo? Kwa sababu limeondoka. Maji yalipanda mpaka karibu mwaka 1878, yakavunja kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo, na kufikia 1894 yalikuwa yameshuka takriban mita 10. Ufuko ulioko sasa si ule wa Stanley. Usishangae ukirudi: tangu 2020 maji yamekuwa yakipanda tena.

Kwenda kwenyewe ni rahisi. Kutoka Simbo shuka mjini kwa gari la abiria, kutoka Kigoma panda daladala la Ujiji kupitia Mwanga, kisha uliza makumbusho ya Livingstone; mtoto yeyote atakuonyesha. Fika asubuhi, lipa kiingilio udai risiti, Mtanzania hulipa kidogo. Yale masanamu mawili yanayovuliana kofia yapige picha uyamalize, kisha muda wako utumie nje, utembee njia ya miembe kwa miguu mpaka ufukweni wanakounda mitumbwi. Usichonge jina kwenye gome. Usije na kifaa cha kutafutia dhahabu ya Mjerumani. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na polisi wanaijua. Jioni ikikukuta mjini, tazama stesheni ya Kigoma, reli ilifika pale Februari 1914 na kuumaliza mji wa misafara. Na ukiokota kokwa chini ya mwembe ukataka kulipanda Simbo, lipande wiki hiyo hiyo.