Msanii Naye Anahitaji Kocha



Mchezaji wa mpira ana kocha wa kumwambia wakati wa kukimbia na wakati wa kupumzika. Je, mwimbaji wa taarab ana nani? Hapa Unguja muziki ni kazi ya watu wengi. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa 1905, chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy 2002, na tamasha la Sauti za Busara lilianza 2004. Sisi tunapiga makofi, tunamtunza mwimbaji, kisha tunakwenda kulala. Yeye anabaki na koo lililokauka na mawazo ya kodi ya nyumba. Mwezi huu tunaeleza kazi ya kocha wa ustawi wa wasanii, na namna ya kujiandaa kuifanya.

Kocha huyu ni nani?

Si daktari wala mfadhili. Ni mtu anayekaa na msanii faraghani, anamsikiliza, anamwuliza maswali, na kumsaidia achague mwenyewe hatua ya kuchukua. Hamwamuru.

Yampasa ajue nini?

1. Sauti. Tunapoimba, nyuzi za sauti hugongana zaidi ya mara mia moja kwa kila sekunde. Zinahitaji maji na mapumziko. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, msanii amwone daktari wa koo.

2. Mikono na masikio. Mpiga kanuni, udi au fidla hurudia mwendo ule ule kwa saa nyingi. Maumivu na ganzi ni onyo, si uvivu. Kuhusu masikio, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi za muziki usizidi desibeli 100. Anayeketi karibu na spika avae vizibo vya masikio.

3. Fedha na moyo. Mwezi wa Ramadhani muziki husimama. Wakati wa masika watalii hupungua. Mwaka 2020 korona ilikata mapato ya wengi kwa ghafla. Kocha humsaidia msanii kupanga miezi hiyo mapema, kabla hofu haijamnyima usingizi.

Namna ya kujiandaa

Jifunze kwanza. Shirikisho la kimataifa la makocha, lililoanzishwa 1995, hudai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi kwa cheti chake cha ngazi ya kwanza. Aliyewahi kupanda jukwaani ana faida, lakini uzoefu peke yake hautoshi.

Pili, tunza siri. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, na neno hufika Darajani kabla yako. Mwimbaji akijulikana kuwa sauti yake ina kasoro, huenda asialikwe tena harusini. Kwa hiyo msizungumze barazani.

Tatu, usiwe kocha wa mtu unayemlipa mshahara. Hataweza kukuambia kwamba amechoka.

Jueni mpaka

Huzuni ikizidi wiki mbili, au ulevi ukimshinda, mpeleke msanii kwa mtaalamu. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake hata kidogo. Fuatana naye hospitali siku hiyo hiyo, Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu. Kocha mwema hujulikana kwa kutambua pale kazi yake inapoishia.