Mnunuzi Anapotaka Kuja Kuchukua Mwenyewe

Kila amri ya uhamisho inapotoka, ndani ya kambi zetu huanza soko. Askari wa Mbarara aliyeamriwa kwenda Moroto hawezi kupakia friji, kabati na pikipiki yake katika lori linalobeba kikosi kizima. Zamani vyombo hivyo vilichukuliwa na jirani kwa bei ya huruma. Siku hizi askari huvipiga picha na kuvitangaza katika mtandao, na kabla jua halijatua simu imekwisha kulia: "Afande, mimi niko karibu na kambi. Nije nichukue sasa hivi?"

Ombi hilo hupendeza. Hakuna kufunga mzigo wala kulipa nauli ya basi. Lakini mzigo unaposafirishwa kwa basi au kwa posta huacha nyuma yake stakabadhi, tarehe na karani aliyeupokea. Mnunuzi anapokuja mwenyewe, mashahidi hao wote hawapo. Kesho akikana kwamba hakupokea kitu, au akidai kwamba friji ilikuwa mbovu, litabaki neno lake na neno la askari. Muuzaji hana budi kujitengenezea ushahidi kabla mali haijaondoka mkononi mwake.

Sheria ya mauzo ya bidhaa iliyotungwa Uingereza mwaka 1893, ambayo sheria za Afrika ya Mashariki ziliifuata kwa karibu, ilisema kwamba pasipo mapatano mengine, bidhaa hukabidhiwa mahali pa biashara ya muuzaji, na kama hana mahali hapo, basi nyumbani kwake. Sheria hiyo pia ilimruhusu muuzaji ambaye hajalipwa kuishikilia bidhaa mpaka alipwe. Kwa hiyo askari anayesema fedha kwanza na friji baadaye asionekane mkaidi. Anadai haki ya tangu siku nyingi.

Neno "nyumbani", hata hivyo, lina uzito wa pekee kwetu. Nyumba ya askari imo ndani ya lindo. Mgeni anayekuja kutazama kabati atatazama pia njia, magari, na saa ambayo walinzi hubadilishana zamu. Tumeona matangazo ambayo nyuma ya kiti kinachouzwa huonekana sare imeanikwa, na nyuma ya sare, ghala la kikosi. Picha za namna hiyo zisitolewe kamwe. Na mnunuzi asielekezwe langoni. Aelekezwe nje, mahali penye watu na mwanga, wakati wa mchana. Kwa friji, ambayo mnunuzi ana haki ya kuiona ikifanya kazi, duka lenye umeme kando ya barabara linafaa kuliko mahali pengine popote. Mwenye duka akipewa kitu kidogo kwa umeme wake, huwa pia shahidi wa tatu.

Kuhusu malipo, ujumbe wa simu usemao kwamba fedha zimeingia si fedha. Mlaghai aweza kuuandika kwa mkono wake mwenyewe na kuutuma ukafanana kabisa na ule wa kampuni. Muuzaji atazame salio lake kwa *165# ikiwa anatumia MTN, au *185# ikiwa ni Airtel, naye mnunuzi angali amesimama mbele yake. Asiione haya kazi hiyo. Ikiwa malipo ni ya noti, na hasa kama ni nyingi, ni vizuri wote wawili waende kwa wakala wa fedha za simu, azihesabu na kuziweka katika simu ya muuzaji papo hapo. Hila nyingine ni ya mtu anayelipa kweli, akachukua mzigo, kisha akapiga simu kwa kampuni akilalamika kwamba alituma fedha kwa namba asiyoikusudia. Huyo hunyamazishwa na karatasi moja tu: jina, namba ya simu, kitu kilichouzwa, namba iliyochongwa juu yake, bei, saa, na sahihi mbili. Hakuna askari anayetoa bunduki ghalani bila kitabu kutiwa sahihi. Ni ajabu kwamba askari huyohuyo hutoa pikipiki yake kwa kupeana mikono tu.

Mara nyingi mnunuzi haji mwenyewe, bali humtuma mwendesha bodaboda. Soko la eBay la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1995, huwapa wanunuzi wanaojichukulia mzigo namba ya tarakimu 6, na muuzaji huthibitisha namba hiyo anapokabidhi. Jambo hili halihitaji mitambo. Mlinzi yeyote analijua neno la siri la usiku. Mnunuzi apewe neno lake baada ya kulipa, na anayekuja bila neno hilo arudi mikono mitupu, hata akilia.

Liko jambo linalotusumbua zaidi. Tangu Uganda ilipopeleka wanajeshi Somalia mwaka 2007, wako waliouza mali za nyumbani kwa simu kutoka Mogadishu, na mke akaachiwa kazi ya kumpokea mnunuzi. Mke asimpokee peke yake, wala mnunuzi asiambiwe kwamba mwenye nyumba yuko ng'ambo. Aombwe jirani au ndugu wa mume asimame naye, na bei iwe imekwisha kupatanwa, maana mnunuzi akimkuta mama peke yake ndipo huanza kuona mikwaruzo na kudai apunguziwe.

Kwa ndugu zetu wa polisi, wananchi wengine hupenda kukutania mbele ya kituo. Marekani, tangu katikati ya miaka ya 2010, idara nyingi za polisi zimetenga sehemu za namna hiyo katika viwanja vyao vya magari, zikiangaliwa na kamera. Kwetu inatosha askari wa zamu akubali watu wawili wasimame penye taa. Asidai ada, asihesabu fedha zao, wala asitie sahihi katika karatasi yao. Lakini pikipiki ikiletwa bila kadi yake, hapo amekwisha kuingia kazini, na maswali yaanze.